Soketi ya Prosesa na Majukwaa Mawili ya Kompyuta ya Mezani

Neno soketi Waswahili wamelizoea kwa maana ya tundu la ukutani linalochomekwa plagi ya pasi au ya redio. Kompyuta zilipoenea, mafundi walilichukua neno hilohilo wakalipa maana ya pili: kile kitako cha mraba kilicho juu ya ubao mkuu wa kompyuta, au mazabodi kama wasemavyo wenyewe, ambacho prosesa huketishwa ndani yake. Maana hizo mbili zafanana kwa sura tu. Soketi ya ukutani haibagui. Pasi ya zamani na redio mpya zote huingia. Soketi ya prosesa hubagua mno, na habari ya ubaguzi huo, yaani ulianza lini, kwa sababu gani, na ni nani aliyelipa gharama yake, ndiyo shabaha ya makala haya.

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe yafaa tukubaliane juu ya maneno machache. Prosesa ni ile chipu ifanyayo hesabu na kutekeleza amri katika kompyuta. Prosesa za siku hizi huwa na viini kadhaa ndani yake, na kila kiini chaweza kushika kazi yake peke yake, mithili ya makarani kadhaa katika chumba kimoja. Lakini prosesa haiwezi lolote bila ya kupata umeme, kusoma na kuandika katika kumbukumbu, na kuwasiliana na kadi ya picha, diski na vyombo vinginevyo; na yote haya hupita katika pini, ambazo ni vijiti vidogo vya chuma vinavyounganisha prosesa na ubao. Kwa hiyo soketi ni mkusanyiko wa nafasi za pini uliopangwa kwa utaratibu maalumu. Soketi hiyo, pamoja na chipu saidizi za ubaoni na aina ya kumbukumbu inayokubaliwa, ndiyo tutakayoiita jukwaa. Mwenye kununua prosesa hununua jukwaa pia, apende asipende.

Kompyuta ya IBM iliyotolewa Agosti 1981 ndiyo iliyokuwa mama wa kompyuta nyingi za mezani zilizofuata. Prosesa yake, 8088 ya kiwanda cha Intel, ilikuwa na pini 40 zilizopangwa safu mbili kama miguu ya tandu. IBM haikupenda kutegemea muuzaji mmoja, ikataka chipu za namna hiyo zipatikane kwa kiwanda cha pili pia. Kwa ajili hiyo Intel na AMD, vyote viwili viwanda vya California, viliafikiana mwaka 1982 kubadilishana ujuzi, na AMD ikaruhusiwa kutengeneza chipu za mfano uleule. Tundu likawa moja na wauzaji wawili. Mapatano hayo yaliharibika baadaye: Intel ilipotoa prosesa ya 386 mwaka 1985 haikukubali kuwapa wenziwe michoro yake. AMD ilichunguza ikaunda ya kwake, na baada ya magombano marefu mahakamani ikaiuza mwaka 1991. Nayo iliingia katika nafasi ileile.

Miaka hiyohiyo likaja jambo dogo la ufundi ambalo watu wengi hawalitaji, nalo ni wenzo. Zamani kuichomoa prosesa yenye pini zaidi ya mia ilikuwa kazi ya kuogopesha, maana pini zilibanwa barabara na mkono ukiteleza zilipinda au kukatika. Soketi yenye wenzo pembeni iliondoa taabu hiyo: wenzo ukiinuliwa pini hulegea, ukilazwa hukamatwa. Tangu hapo kubadili prosesa kukawa ni jambo ambalo mwenye kompyuta aweza kulifanya nyumbani kwake. Intel yenyewe, kuanzia mwaka 1992, iliuza prosesa za OverDrive kwa watu waliotaka kuiongezea nguvu kompyuta yao bila ya kuinunua upya. Hapo ndipo ilipozaliwa dhana ya kwamba soketi ni namna ya ahadi: anayenunua ubao leo atarajia kwamba kesho ataweza kuweka juu yake prosesa iliyo bora zaidi.

Ahadi hiyo haikutimizwa kwa ukarimu kuliko wakati wa Soketi 7, iliyotokea mwaka 1995 na kuwa na pini 321. Juu yake ziliketi Pentium za Intel, K5 na K6 za AMD, 6x86 za Cyrix, na WinChip za IDT. Mnunuzi aliweza kuutunza ubao wake akachagua miongoni mwa viwanda vinne. Wako watu wanaoukumbuka wakati huo kwa shauku kama wazee wanavyoukumbuka wakati wa bei nafuu.

Mwaka 1997 Intel ilitoa Pentium II, nayo haikuwa na umbo la kigae cha mraba. Ilikuwa ndani ya kasha mfano wa kaseti, ikisimamishwa wima katika ufa ulioitwa Sloti 1. Sababu ya ufundi ilikuwapo: kumbukumbu ya karibu ya prosesa hiyo ilikuwa katika chipu za pembeni, zikahitaji kibao cha kuziweka pamoja nayo. Lakini pia Sloti 1 na njia yake ya mawasiliano zilizungushiwa ulinzi wa hataza, na AMD na Cyrix wakabaki nje ya mlango. Sababu hizi mbili, ya ufundi na ya biashara, tutazikuta zikiandamana kila mara katika habari hii. Kosa la waandishi wengi ni kuishika moja na kuiacha ya pili.

AMD iliendelea kuishi katika Soketi 7 kwa kuiongezea kasi, na mwaka 1999 ikajenga nyumba yake yenyewe. Prosesa ya Athlon ilitumia Sloti A, ambayo kiunganishi chake kilikuwa kilekile cha Sloti 1 kikiwa kimegeuzwa kinyume, lakini lugha iliyopita ndani yake ilikuwa ya prosesa za Alpha za kampuni ya DEC. Umbo moja, maneno mbalimbali. Mtaalamu wa lugha hatashindwa kulielewa hilo. Sloti zenyewe hazikudumu, kwa kuwa kumbukumbu ya karibu iliingizwa ndani ya chipu na kibao kikakosa kazi, wakarudi wote kwenye soketi. Ila utengano ulibaki. Tangu mwaka huo, anayechagua ubao amekwisha chagua kiwanda.

Habari ya Soketi 423 tutaipita haraka, ingawa walioinunua hawakuipita haraka. Ilitokea pamoja na Pentium 4 Novemba 2000, na Agosti 2001 Soketi 478 ikachukua mahali pake. Ahadi yake haikutimiza mwaka.

Sasa tufike penye mgawanyiko wenyewe. Waandishi wengi huuanzia mwaka 2008, lakini mbegu yake ilipandwa na AMD Septemba 2003. Mwezi huo kilitolewa kizazi cha Athlon 64, na jambo kubwa katika kizazi hicho lilikuwa kwamba kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho tangu mwanzo kilikuwa katika chipu saidizi ubaoni, kilihamishiwa ndani ya prosesa. Faida yake ilikuwa kasi. Matokeo yake ya pili yalionekana polepole: tangu hapo kila mfereji wa kumbukumbu ulihitaji pini zake katika prosesa yenyewe. Prosesa ya mifereji miwili haikuweza tena kuketi katika kiti cha prosesa ya mfereji mmoja. Basi siku ileile AMD iliziweka prosesa hizo katika soketi mbili. Ya pini 754 ilikuwa ya watu wa kawaida, yenye mfereji mmoja. Ya pini 940 ilikuwa ya Athlon 64 FX, prosesa ya mashabiki, yenye mifereji miwili; nayo ilikuwa kwa hakika soketi ya seva, ikidai kumbukumbu ya seva iliyokuwa na bei kubwa. Mashabiki walinung'unika, na Juni 2004 ikaja Soketi 939, iliyotoa mifereji miwili kwa kumbukumbu ya kawaida. Mwaka 2006 soketi ya AM2 iliwakusanya wote chini ya paa moja. Kwa bahati, AM2 nayo ilikuwa na pini 940, lakini si zile za 940 ya kwanza, na prosesa ya moja haiingii katika ya pili. Hesabu ya pini ni jina tu, si ukoo.

Kwa upande wa Intel miaka hiyo ilikuwa na desturi nyingine. Novemba 2003 ilitoa Pentium 4 ya mashabiki iliyouzwa kwa karibu dola 1,000, lakini iliingia katika Soketi 478 kama Pentium 4 ya kijana wa shule. Tofauti ilikuwa bei na chipu. Kiti kilikuwa cha namna moja. Hali iliendelea hivyo katika LGA 775 ya mwaka 2004, iliyopokea prosesa za kiini kimoja mpaka za viini vinne, ijapokuwa si kila ubao ulizikubali zote. Soketi hiyo ilileta geuzo jingine: pini zilitoka kwenye prosesa zikahamia kwenye ubao, na prosesa ikabaki na vidoa vya kugusia tu. Wahandisi walieleza kwamba kwa njia hiyo pini nyingi zaidi zaweza kusongamana. Ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba tangu siku hiyo pini ikipinda hasara ni ya mwenye ubao, wala si ya mtengeneza prosesa. Na fundi aliyepata kuzinyoosha pini hizo kwa sindano, akitumia lenzi na pumzi ikiwa imezuiwa, ajua ni kazi ya namna gani.

Novemba 2008 Intel nayo ilikiingiza kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa, miaka mitano baada ya AMD. Soketi yake ilikuwa LGA 1366, yenye mifereji mitatu ya kumbukumbu, na prosesa zake ziliitwa Core i7. Ya chini, i7-920, iliuzwa dola 284, na ya juu, i7-965, dola 999. Ndugu zake wa seva walifuata Machi 2009 katika soketi hiyohiyo. Septemba 2009 ikaja LGA 1156, mifereji miwili, pamoja na njia 16 za kadi ya picha zilizotoka katika prosesa yenyewe. Mojawapo ya prosesa zake, i7-860, iliuzwa dola 284 pia. Hivyo kwa bei moja mtu aliweza kununua prosesa mbili za viini vinne, kila moja ikidai jukwaa lake, na baada ya uchaguzi huo hapakuwa na kuvuka kutoka moja kwenda ya pili.

Mpaka hapo mhandisi hana lawama. Mifereji mitatu yahitaji pini nyingi kuliko miwili. Pini nyingi zahitaji ubao wenye tabaka nyingi za nyaya. Na ubao wa namna hiyo una gharama. Mtu anayeandika barua na kutazama picha hana sababu ya kulipia mfereji asioutumia. Kuwa na majukwaa mawili, moja la umma na moja la mashabiki, ni jambo lenye maana, maadam kila mmoja alipie kile anachokihitaji.

Neno la kuangaliwa ni viini. Kiini kipya ndani ya prosesa hakihitaji pini ya mawasiliano iliyo yake. Chahitaji umeme wa kutosha, na hutumia mifereji na njia zilezile pamoja na viini vingine. Machi 2010 Intel ilitoa i7-980X, prosesa yake ya kwanza ya mezani yenye viini sita. Ilikaa katika LGA 1366 peke yake, na bei yake ilikuwa dola 999. Mwezi uliofuata AMD ilitoa Phenom II X6 1090T, nayo ilikuwa na viini sita, kwa dola 295, katika soketi ya umma ya AM3 yenye mifereji miwili. Hata baadhi ya mbao za AM2+ za zamani ziliikubali baada ya kubadilishiwa programu ya kuanzishia. Ni haki kusema kwamba kiini kimoja cha AMD kilikuwa dhaifu kuliko kimoja cha Intel, na kwa jumla 980X iliishinda mbali. Lakini hoja ya pini ilikuwa imekwisha jibiwa: viini sita viliketi katika kiti cha watu wa kawaida bila ya shida.

Jibu hilo halikusikilizwa, kwa kuwa aliyelitoa hakuwa na nguvu sokoni. Kutoka Januari 2011 mpaka mwaka 2017 Intel ilitoa kwa umma soketi tatu, LGA 1155, LGA 1150 na LGA 1151. Msomaji atazame hesabu hizo pamoja na 1156 iliyotangulia: zatofautiana kwa pini moja, tano, na moja, na hapana prosesa ya moja iliyoingia katika nyingine. Soketi ya 1156 yenyewe ilikuwa na umri wa miezi 16 tu ilipokuja ya kuirithi. Katika soketi hizo tatu prosesa iliyo bora kabisa ilikuwa na viini vinne. Mwaka 2011 vilikuwa vinne, na mwanzoni mwa 2017 vilikuwa vinne. Wakati huohuo katika jukwaa la mashabiki viini viliongezeka: sita mwaka 2011 katika LGA 2011, vinane mwaka 2014, kumi mwaka 2016. Bei ya hiyo ya viini kumi, i7-6950X, ilikuwa dola 1,723.

Jukwaa hilo la mashabiki lilikuwa na fadhila zake: mifereji minne ya kumbukumbu na njia mpaka 40 za vyombo, na mwenye kuziweka kadi tatu za picha pamoja alizihitaji kweli. Lakini mtu aliyetaka viini sita tu, mathalani mkata filamu au mtunga programu, alilazimika kulipia mifereji minne na njia 40 ili avipate. Alinunua shamba zima kwa kutaka mwembe mmoja. Tena hata ndani ya shamba hilo kulikuwa na ua: i7-5820K ya mwaka 2014, iliyokuwa ya bei nafuu kuliko wenzake, ilipunguziwa njia zikawa 28, hali pini zote zilikuwapo katika soketi yake.

Jambo jingine lilifungwa miaka hiyo. Kabla ya 2011 shabiki asiye na fedha aliweza kununua prosesa rahisi akaikimbiza kupita kasi iliyowekwa kiwandani, kwa kuzidisha mapigo ya saa ya ubao. Katika LGA 1155 saa hiyo ilifungamanishwa na njia nyingine, ikawa haisogei ila kidogo. Na ruhusa ya kuzidisha kasi ikauzwa peke yake katika prosesa zilizotiwa herufi K. Ushabiki, uliokuwa ni ustadi wa mkono, ukawa ni bidhaa iliyoandikwa bei.

Twaweza hapa kutaja faida moja ambayo hakuna aliyeikusudia. Kompyuta nyingi zinazofika kwa wanunuzi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni zile zilizokwisha tumika katika ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba. Kwa kuwa viini vilisimama kwenye vinne kwa miaka sita, mtu aliyenunua kompyuta kuukuu ya mwaka 2011 hakuachwa nyuma sana na aliyenunua mpya mwaka 2016. Vilevile, seva za LGA 1366 zilipostaafu, prosesa zake za viini sita zilimwagika sokoni kwa bei ndogo, na wenye mbao za mashabiki za 2008 wakaziweka wakapata kwa pesa kidogo kile kilichouzwa kwa dola 999. Soketi iliyotengana na umma ilikuja kuwafaa watu wa kawaida, ila baada ya matajiri kuondoka.

Machi 2017 AMD ilitoa prosesa za Ryzen katika soketi ya AM4, yenye pini 1331 na mifereji miwili ya kumbukumbu. Ryzen 7 1800X ilikuwa na viini vinane kwa dola 499. Prosesa ya Intel yenye viini vinane, i7-6900K, ilikuwa katika jukwaa la mashabiki kwa zaidi ya dola 1,000. Safari hii kiini cha AMD hakikuwa dhaifu tena kiasi cha kupuuzwa. Miaka saba baada ya Phenom ya viini sita, hoja ileile ilisemwa mara ya pili, na wakati huu soko zima lilisikia. Oktoba mwaka huohuo Intel ilitoa viini sita kwa umma.

Namna ilivyovitoa yastahili kutazamwa. Prosesa hizo mpya ziliwekwa katika LGA 1151, jina lilelile, umbo lilelile, idadi ileile ya pini. Lakini hazikukubaliwa na mbao za LGA 1151 zilizonunuliwa miezi michache kabla. Sababu iliyotolewa ilikuwa ugavi wa umeme. Baadaye watu wasio waajiriwa wa kiwanda chochote walibadili programu za kuanzishia, wakafunika vidoa kadhaa vya prosesa, na prosesa hizo zikafanya kazi katika mbao walizoambiwa hazifai. Haimaanishi kwamba kila ubao ungeliweza kuhimili bila ya hatari. Yaonyesha tu kwamba mpaka haukuwa mgumu kama ulivyochorwa.

Mwaka huo wa 2017 jukwaa la mashabiki lilionekana kama linaingia katika enzi yake kubwa. Juni Intel ilitoa LGA 2066, na Agosti AMD ikatoa Threadripper yenye viini 16 na njia 64, bei dola 999, katika soketi ya TR4 yenye vidoa 4094, iliyokuwa ndugu wa soketi ya seva zake. Intel ikajibu kwa viini 18 kwa karibu dola 2,000. Lakini katika haraka hiyo lilitokea jambo la kuchekesha. Miongoni mwa prosesa za LGA 2066 zilikuwamo mbili zenye viini vinne tu, mifereji miwili na njia 16: zilikuwa prosesa za umma zilizovikwa nguo za mashabiki. Aliyezinunua alilipia ubao wa gharama kubwa, na nusu ya matundu ya kumbukumbu juu yake hayakufanya kazi. Mwaka 2018 zilitangazwa kuwa zaondolewa. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa soketi iliyogeuzwa kuwa cheo.

Baada ya hapo nyumba ya mashabiki ilianza kuhamwa. Novemba 2019 Ryzen 9 3950X ilileta viini 16 katika AM4, soketi ya umma, kwa dola 749. Mwezi huohuo Intel ilitoa i9-10980XE ya viini 18 kwa dola 979, karibu nusu ya bei ya iliyoitangulia. Na LGA 2066 haikupata mrithi katika kompyuta za mashabiki. Walioishi humo kwa ajili ya viini walikuwa hawana tena sababu ya kukaa.

Isidhaniwe kwamba AMD ilifanya haya yote kwa uungwana. Mwenye nguvu hubadilika tabia. Novemba hiyohiyo ya 2019 Threadripper ya kizazi cha tatu ilikuja na soketi ya sTRX4, yenye vidoa 4094 vilevile kama TR4, lakini mbao za TR4 hazikuikubali. Soketi hiyo mpya ilipata kizazi kimoja tu; kizazi kilichofuata, cha mwaka 2022, kilitolewa kwa kompyuta za kazi nzito peke yake, katika soketi nyingine. Waliolipa mamia ya dola kwa ubao wa sTRX4 wakitumaini kesho walibaki na leo yao.

Hata katika AM4 ahadi ilitaka kuvunjwa. AMD ilikuwa imesema tangu mwanzo kwamba soketi hiyo itahudumiwa mpaka 2020. Mei 2020 ilitangaza kwamba prosesa za kizazi kipya zitakubaliwa na mbao za mfululizo wa 500 tu, kwa hoja kwamba chipu ya programu ya kuanzishia katika mbao za zamani, yenye megabaiti 16, haina nafasi ya kubeba maelezo ya prosesa zote. Hoja yenyewe ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini wanunuzi wengi walikuwa wamenunua mbao za mfululizo wa 400 karibuni tu kwa kuitegemea ahadi, na kelele zao zilikuwa kubwa. Kabla ya mwezi kwisha AMD iligeuza shauri. Mbao za 400 ziliruhusiwa, na mwaka 2022 zikaruhusiwa hata zile za 300, za mwaka 2017. Megabaiti 16 hazikuongezeka; katika mbao nyingi kilichofanyika kilikuwa kuondoa habari za prosesa za zamani ili za mpya zipate mahali. Katika historia yote hii ya soketi ni mara chache mno ambapo mnunuzi amesema na kiwanda kikarudi nyuma. Prosesa mpya za AM4 ziliendelea kutolewa hata Julai 2024.

Soketi za umma zilizofuata ni LGA 1700 ya Novemba 2021, AM5 ya Septemba 2022, na LGA 1851 ya Oktoba 2024. Ya AM5 ndiyo iliyohamisha pini za soketi za umma za AMD kutoka prosesa kwenda kwenye ubao, miaka 18 baada ya Intel, na kukubali kumbukumbu ya DDR5 peke yake. Mwaka 2024 AMD ilisema itaihudumia mpaka 2027 na zaidi. Katika LGA 1700 viini vilifika 24, vinane vikubwa na 16 vidogo. Zote tatu zina mifereji miwili ya kumbukumbu, kama 939 ya mwaka 2004.

Mashabiki nao, au wale wanaostahili kuitwa jina jingine sasa, walijengewa upya. Februari 2023 Intel ilitoa prosesa za Xeon W katika LGA 4677, ikiziita waziwazi za kompyuta za kazi nzito. Novemba 2023 AMD ilirudisha Threadripper katika soketi ya sTR5, mifereji minne kwa kundi moja na minane kwa kundi la pili, na ya chini kabisa, ya viini 24, ilianzia dola 1,499. Hapana mchezo wa kompyuta unaohitaji mifereji minane. Wanaozinunua ni wale wanaopanga kadi kadhaa za picha kwa hesabu kubwa, au wanaoshughulika na kumbukumbu isiyoenea katika matundu manne. Hao hulipia pini kwa sababu ya pini. Na Julai 2025 kizazi kipya cha Threadripper kilipotoka, kiliketi katika sTR5 ileile, juu ya mbao zilezile za 2023.